Mtu wa Pili wa Kuvuta Choki

Simu ilinikuta nakata majani makavu kwenye migomba yangu huku Kyerwa. Aliyepiga ni mdogo wake marehemu, na wala hakuzunguka: "Kaka, mzee ametutoka asubuhi hii. Presha." Nikasema poleni sana, nikauliza mazishi lini, nikakata simu, nikarudi kwenye migomba. Nilimaliza mstari wote, nikanawa, nikala. Nilikuwa nasubiri kitu kinipande kifuani, na hakikupanda. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: najua ni wangu, ila siusikii. Waliofungua ukurasa huu wakitafuta machozi wanisamehe, leo sina.

Mimi na marehemu hatukuwa marafiki wa kushibana. Tulikuwa watu wa kubishana, na kubishana kwetu kulikuwa juu ya jambo moja tu. Yeye alikuwa Mhaya wa Muleba, aliletwa Karagwe na serikali kama mpima ardhi, akaoa Mnyambo wa Rugu, na alipostaafu akanunua kibanja Kituntu, akapanda kahawa na ndizi kama kila mtu. Kilichokuwa si cha kila mtu ni gari lake. Milango miwili, pua ndefu, tumbo karibu liguse barabara. Gari la mashindano lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya wenzetu, naye analipitisha katikati ya mafuso ya ndizi bila aibu. Jumapili watu walikuwa wanachelewa kuingia kanisani makusudi, wamwone mzee anavyojikunjua kutoka humo ndani. Injini yake ilikuwa inavuta pumzi kwa kabureta mbili, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Kwa asiyejua, kabureta ni kikopo cha kuchanganya petroli na hewa. Hakina akili yoyote. Wewe ndiye akili yake, kwa bisibisi na sikio. Injeksheni ni kompyuta inayojipimia yenyewe hewa na joto, kisha inaamuru nozeli zimwage petroli kiasi gani. Mimi nilikuwa namwambia atupe zile kabureta afunge injeksheni. Miaka nenda, miaka rudi.

Na nilikuwa na ushahidi. Kuna wakati alilipeleka kwa fundi wa Bukoba, karibu kabisa na ziwa, akamrekebishia skrubu mpaka injini ikawa inaunguruma vizuri ajabu. Mzee akapandisha nalo milima kurudi kwake. Kadiri anavyopanda, gari linakohoa. Alipofika Kayanga lilikuwa linatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Watu wakadhani linaungua, wakaja na ndoo za maji! Kumbe fundi wa watu hakukosea. Alilipimia hewa ya Bukoba, na hewa ya huku juu ni nyepesi, petroli ikawa inazidi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Unaona sasa?" nikamwambia. "Injeksheni ingejua yenyewe kwamba imefika Karagwe." Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo unataka gari lijue hewa ya hapa kuliko mimi niliyeipima ardhi yake yote? Hebu nenda zako, mzee wa rimoti." Jina hilo likanibaki.

Lakini nadhani maneno yangu yalimwingia, maana baadaye aliagiza seti nzima ya injeksheni. Ilikuja kwenye boksi, akaliweka juu ya rafu kwenye stoo ya kahawa, na hapo likakaa. Kila nikipita nauliza, kila nikiuliza ananijibu, "Bado natafakari." Nikasema huyu mtu kweli hajui kuamua. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kimya, sitawaficha. Walikuwa na mtoto mmoja tu, kijana mkubwa, akafariki, na tangu hapo mgeni ukikaa pale unaona: chai inaletwa, vikombe vinapangwa, na kati ya mume na mke hakuna anayemwangalia mwenzake. Hawakuwa wanagombana. Walikuwa wameishiwa maneno. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu haraka naondoka.

Asubuhi moja nilifika mapema kuchukua miche ya kahawa. Baridi ya Kituntu mnaijua, umande umejaa mpaka kwenye vioo. Nikamkuta ameshafungua boneti, anaita kuelekea jikoni: "Mama! Njoo." Mke wake akaja anafuta mikono kwenye kitenge, akaingia akaketi kwenye usukani, akavuta choki, ule waya wa kuizidishia petroli injini ikiwa baridi, ambao injeksheni haiuhitaji. Mzee akainama na kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Kisha, akiwa ameinama hivyo hivyo, akauliza kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini: "Oraire ota?" Umelalaje? Mawe, mama yangu! Mtu mzima anasalimia injini! Mke akawasha, ikanguruma, mzee akasikiliza kabureta hii, akasikiliza ile, ilipopata joto akasema, "Rudisha. Taratibu." Mama akairudisha choki, akashuka, akaenda zake jikoni. Nilitoka na kisa hicho mdomoni, na kabla ya jioni Omurushaka nzima ilikuwa inajua kwamba mpima ardhi analijulia hali gari lake.

Tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake. Nilitupa udongo wangu, nikasimama na wanaume wengine, tukazungumzia bei ya kahawa. Baada ya chakula lori likaja kuchukua viti na maturubai, nalo gari la marehemu limeziba njia. Mdogo wake akaingia kuliwasha. Akapiga stata, akakanyaga mafuta, akapiga tena, petroli ikaanza kunuka uwanja mzima. "Angekuwa amefunga ile injeksheni yake," akalalamika, "saa hizi hata mimi ningeliwasha." Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo hoja yangu hiyo, neno kwa neno.

Mjane akainuka kutoka kwenye nyasi alipokuwa amekaa na wenzake. Akamwambia mdogo wa marehemu ashuke, akaketi yeye, tukangoja petroli ikauke kidogo. Halafu akaniita. "Shemeji, nenda kwenye boneti." Nikaenda. Nikamwambia kwamba mimi sijui kusikiliza, na kwamba kwa kweli choki huvutwa na dereva mwenyewe, mtu wa pili hana kazi.

"Najua," akasema. "Hata yeye alijua. Angeweza peke yake." Mkono wake uko kwenye choki. "Mlisema analisalimia gari. Nawe shemeji uliamini? Gari linajua Kinyambo? Tangu mwanetu aondoke hatukuwa na la kuambiana, siku inakucha mpaka inakuchwa. Lakini kila asubuhi ilibidi aniite. Na akishaniita, ilibidi anisalimie. Lile boksi lenu nililiona siku lilipoletwa. Kila nikiamka nilikuwa naogopa kwamba leo nitakuta limefunguliwa."

Nilishika ule mpira nikainama, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anainama, na nikaona hawashi. Ameshika ufunguo, anatazama mbele kupitia kioo, anangoja. Nilijua anangoja nini. Sikuthubutu kuisema salamu ile, haikuwa yangu. Mwishowe akawasha mwenyewe. Injini ikashika mara moja, ikapiga kelele, moshi ukatoka, watu wakarudi nyuma. Ikapata joto, ikazidi joto, ikaanza kukohoa, naye bado hajarudisha choki. Alikuwa anangoja neno la pili. Hilo nililiweza.

"Rudisha, shemeji," nikasema. "Taratibu."

Akairudisha. Injini ikatulia, ikawa inaunguruma kama siku zote, naye akaweka kichwa kwenye usukani akalia kwa sauti. Hapo ndipo mguu wangu wa ganzi ulipoanza kuchoma.

Wasomaji wangu, sijabadili msimamo. Injeksheni ni bora. Inakula mafuta kidogo, haina moshi, inajua imefika Karagwe, na inawashwa na yeyote mwenye ufunguo. Ukiniuliza leo nitakushauri uifunge, kama nilivyomshauri marehemu mpaka akaagiza boksi. Ila kabla hujalifungua, pita kwanza jikoni uangalie ni nani ambaye kuanzia kesho asubuhi hutakuwa na sababu ya kumwita.