Kipimo cha Mama Chumvi

Msusi wetu anaitwa Mama Chumvi, na jina amelitafuta mwenyewe. Ukienda kwake kurudia dawa ya kulainisha nywele, hataki hadithi zako. Anazigawa nywele mafungu manne, anapekua zile mpya zilizoota chini, kisha anachovya pamba kwenye maji ya chumvi na kuipitisha kwenye ngozi. Aliyejikuna wiki hiyo ataruka. Ukiruka, dawa hupati, maana itakuunguza; unapakwa mafuta na kurudishwa kwenu na kucha zako. Wateja tunaapa kwa makaburi ya babu zetu kwamba hatujajikuna, lakini chumvi haina adabu.

Ijumaa moja aliingia mama mkwe wake, mwalimu mkuu aliyekuwa anaagwa kesho yake kwa kustaafu. Bibi huyu miaka yote alilalamika kwamba mwanawe kaoa mpekua chawa. Kwenye sherehe, wakamwana wengine wangekaa naye meza kuu. Mama Chumvi alipangiwa jikoni, kuosha sahani. Msimwone anacheka na kila mtu, kiti cha meza kuu alikitaka mpaka kikamnyima usingizi.

"Umejikuna, mama?"

"Mimi? Nina wazimu?"

Pamba ikapita. Bibi hakuruka. Alishika mikono ya kiti, akakaza taya, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

"Mama, unalia."

"Nalia kwa furaha. Nastaafu."

Saluni nzima tuliangalia sakafu tusije tukacheka. Mkamwana akimwekea dawa, bibi ataungua; asipomwekea, jikoni ndiyo makao yake ya milele. Mama Chumvi akafunika kopo.

"Siweki, mama. Nikupake mafuta, kesho ufunge kilemba."

"Kilemba! Kwani msusi ni wewe peke yako?"

Akabeba mkoba, akavuka barabara kwenda saluni ya pili, ambako hawapimi kitu ila pochi yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo alivyotufundisha shuleni bibi huyuhuyu. Mama Chumvi akafuta macho kwa aproni.

"Basi tena. Sahani zinanisubiri."

Akashika ufagio. Hata hajafika mlangoni, bibi huyo! Viatu mkononi, kichwa cheupe kwa dawa, anakatiza katikati ya pikipiki.

"Mwanangu, naungua! Niokoe, mwanangu!"

Mwanangu! Neno hilo halikuwahi kumtoka.

Mimi ningemsimanga mpaka jua lizame. Mama Chumvi alimwinamisha kwenye beseni, akafungua bomba, akamwosha polepole huku akimpuliza kichwani kama mtoto. Mistari ya kucha ilikuwa imeiva, myekundu.

"Nilijikuna," sauti ikatoka ndani ya beseni.

"Najua, mama."

"Kuliniwasha."

"Najua."

Maji yakaendelea kumwagika.

"Kesho utakaa karibu yangu," bibi akasema, ukali ukianza kumrudia. "Kilemba kikilegea nani atakifunga? Hao wengine hata kamba za viatu zinawashinda."