Fomu Iliyodai Sanduku la Posta

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mstaafu wa serikali aliyependa fomu kuliko watu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, intaneti ilipoanza kuingia Nairobi, alinunua kompyuta na modemu, akaviweka katika chumba alichoongeza kando ya nyumba yake Buruburu, akatangaza kwamba atawauzia Wazungu vinyago mtandaoni bila dalali. Mimi ndiye niliyeajiriwa kulitengeneza hilo duka. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta mjini, nina cheti na mdomo.

Vinyago vilitoka kwa kikundi cha wachongaji waliokuwa na kibanda karibu na Majengo, upande wa kwenda Gikomba. Mmoja wao alikuwa baba yangu. Ndiye aliyemleta bosi pale, na ndiye aliyewabembeleza wenzake wampe kazi zao nzuri wasiwape tena madalali wa mjini. Duka likianguka, lawama zote zingemwangukia yeye, na hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza bosi alinikabidhi karatasi alizoziandika kwa mkono. Mteja akishachagua kinyago ajaze jina lake, jina la baba yake, kazi yake, hali ya ndoa, jina la mtu wa karibu, halafu athibitishe tena yote aliyoyajaza. Kurasa saba. Nikamwambia mtu ameshapenda kinyago cha kifaru, ameshatoa kadi yake ya benki, sasa unamuuliza kama ameoa ili iweje? Akajibu kwamba lazima tuwajue wateja wetu. Tulizozana wiki nzima. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye foleni za ofisi za watu kama yeye. Unasimama asubuhi yote kutafuta kitambulisho, ukifika dirishani karani anakusukumia karatasi yako bila kukutazama usoni, eti kuna mahali hukujaza, rudi nyuma. Niliwachukia makarani hao na bado nawachukia. Nikaapa kwamba kwenye duka langu hakuna mtu atakayerudishwa nyuma.

Nilishinda. Kurasa saba zikawa moja. Nilifuta, nikafuta, nikabakisha yale tu ambayo niliamini hakuna binadamu anayeyakosa: jina, sanduku la posta, mji, nchi, namba ya kadi. Chini nikaweka kitufe kimoja kikubwa cha kununua. Kila nafasi ilikuwa ya lazima, na ya sanduku la posta niliifunga ikubali tarakimu peke yake, kwa sababu nilitaka kazi safi. Ukiiacha wazi, maandishi mekundu yalikuambia fomu haijakamilika.

Tukaijaribu. Mimi nilitumia sanduku la kanisa letu, ambalo lilipokea barua za nusu ya mtaa. Bosi alitumia lake. Mkewe akatumia la shule aliyofundisha. Kila mara oda iliingia chapuchapu bila tatizo, na bosi akakubali kwa shingo upande kwamba msichana huyu anajua kazi. Nilitembea na kichwa juu mwezi mzima.

Hakuna aliyenunua. Kidude cha kuhesabu wageni kilionyesha kwamba watu wanaingia kila siku, wanatazama picha, wanafika hadi kwenye ukurasa wa kununua, kisha wanapotea. Bosi alikuwa na jibu lake tayari. Wanakuja, wanaona, hawapendi. Akaenda kibandani na kuwaambia wachongaji mbele ya baba yangu kwamba Wazungu wamezikataa kazi zao. Vifaru vya baba hasa, akasema, vimenuna.

Vifaru vya baba vilikuwa vya mti wa muhugu, vizito, vimeinamisha vichwa kama vinataka kukuuliza umefuata nini. Vilikuwa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kikitoka mikononi mwa mtu. Baba hakubishana. Wiki iliyofuata nilimkuta akichonga kifaru kilichoinua kichwa na kucheka. Kifaru, kinacheka. Nilitaka kukitupa barabarani. Nikarudi ofisini kwa hasira, nikabadilisha rangi ya kitufe, nikapunguza ukubwa wa picha ili zifunguke haraka, nikapanga upya kila kitu isipokuwa kile kilichohitaji kupangwa. Hicho sikukitazama hata mara moja, kwa sababu ndicho nilichojivunia zaidi.

Bosi alivirudisha vinyago kwa mkokoteni. Vilimwagwa mbele ya kibanda, vingine vimevunjika masikio, na wachongaji wakavizunguka wakimtazama baba. Hakuna aliyemtukana. Walianza tu kunywa chai yao bila kumwita, na baada ya muda akaiacha nafasi yake kibandani, akaenda Gikomba kumpigia fundi mmoja msasa kwenye vitanda. Mama alipomuuliza kwa nini, alisema mkono wake umechoka.

Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, katibu wa kanisa akasimama kama kawaida kusoma majina ya waliopata barua, na jina la baba likawemo. Barua yake ilitoka ng'ambo, kwa mwalimu mmoja mzee aliyewahi kupita kibandani akanunua kifaru, na baba akampa anwani ya kanisa. Ilikuwa kwa Kiingereza. Baba akanipa nimsomee, tukakaa kwenye benchi la nyuma watu wakitoka.

Mwalimu huyo aliandika kwamba amelipata duka letu na kufurahi sana. Alitaka vifaru viwili, kama kile cha kwanza, vyenye vichwa chini. Amejaribu mara tatu kununua. Kila mara anadaiwa namba ya sanduku la posta, naye hana sanduku, barua huletwa mlangoni kwake. Ameandika kwamba hana, akakataliwa. Ametafuta mahali pa kuandika barabara na nyumba yake, hakupaona. Akaogopa kubuni namba, mzigo usije ukapotea. Maandishi mekundu, alisema, yalimfanya ajione mjinga.

Nilimtafsiria yote. Ningeweza kuruka sehemu, baba asingejua, lakini nilijikasirikia kiasi kwamba nilitaka kuisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nikamwambia ni mimi niliyeiweka nafasi hiyo. Nikamwambia wote waliopotea pale huenda walirudishwa na mimi, na bosi hakuwa na haki ya kusema lolote juu ya mikono yake.

Baba alijitazama mikono. Mikononi bado alikuwa na vumbi la msasa ambalo halikutoka hata kwa maji ya Jumapili.

"Kwa hivyo vifaru hawakuvikataa," akasema.

"Hawakuvikataa, baba."

Akaichukua bahasha, akaigeuza, akaweka kidole juu ya anwani ya mwalimu yule: namba ya nyumba, jina la barabara, mji. Aliponitazama hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama," akasema, maana ninaitwa jina la mamake, "Mzungu hana sanduku. Mimi nimeandika hizi adresi kwa makatoni ya mizigo yao tangu hujazaliwa. Ungeniuliza tu."

Nilikuwa nimegombana na mtu wiki nzima kwa ajili ya wateja nisiowajua, na kila jioni ya wiki hiyo nilikula ugali nikiwa nimekaa kando ya baba yangu. Sikumuuliza chochote. Nilidhani hiyo ni kazi ya kompyuta.