Mfuko Uliopanga Foleni

Jamani, leo nimekinyima pampu kijiji changu mwenyewe. Nitukaneni, ila someni kwanza.

Nipo duka la pampu za maji hapa Guangzhou. Foleni ndefu. Mbele yangu hakuna mtu, kuna mfuko wa bluu umewekwa sakafuni.

Zamu ikafika. Laoban, mwenye duka, akausukuma mfuko kwa mguu, akaniita mimi.

Pampu ya saizi ninayotaka imebaki moja. Moja!

Mara akaingia mbio mzee wa Kitamil, kutoka kusini mwa India. Alikuwa ameenda chooni. (Mnajua vyoo vya masoko haya vilivyo mbali.) Akaunyooshea mfuko kidole, akaniambia:

"Dada, mimi niko hapo!"

Watu wakacheka. Laoban akamjibu kwamba mfuko haununui pampu.

Mimi sikucheka. Kwetu Dodoma, ndoo yako ikiwa kwenye foleni ya bomba, na wewe upo, hata kama umerudi nyumbani kusonga ugali.

Nikamuuliza kwao inakuwaje. Akasema ni hivyo hivyo, ndoo zinapangwa. Yeye ni mjumbe wa serikali ya kijiji chao. Pampu yao imekufa, mpunga unakauka, bomba halitoi hata tone.

Nikarudi nyuma ya mfuko.

"Laoban, anayefuata ni huyu mzee."

Mzee akaichukua pampu. Yangu mpaka wiki ijayo.

Sasa wewe mwenyekiti wetu wa kijiji, najua unasoma hapa. Kabla hujanipigia kunifokea, nenda bombani ukairuke ndoo ya mama mmoja tu.

Ukitoka salama, nipigie.