Mahali Peupe kwenye Karatasi ya Ndege

Mzungu yule alifika Faza upepo wa kaskazi ulipokaza. Alisema kwao ni baridi kali, na ndege wa baharini wamehamia kwetu, naye ametumwa kuwahesabu. Alitaka mashua na nahodha wa kumzungusha wiki mbili. Mashua ilikuwa yangu, nikakubali. Lakini moyoni nilijiuliza, nani aache kwao aje kuhesabu ndege asiowala? Na kitu kikishahesabiwa na serikali, hakibaki kuwa chako.

Nilikuwa na la kuficha. Marehemu baba alituachia, mimi na kaka yangu, mahali pa kuvulia jodari nje ya Kiwayu, pasipojulikana na mtu mwingine. Hupapati mpaka ulinganishe kilima cha mchanga na kichaka kilicho nyuma yake. Kila kaskazi ndege hao wa baharini, shakwe, hujaa juu ya jodari hao, kwa hiyo atakayewaandika shakwe atakuwa ametuandika na sisi.

Basi nikajifanya mwerevu. Mzungu alikaa omo, mbele ya chombo, na darubini na saa yake, akahesabu, kisha akatia nukta kwenye karatasi kubwa. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Siku ya kwanza tulipokaribia mahali petu, nikageuza chombo.

"Bwana nahodha, kule naona ndege wengi," alisema kwa Kiswahili cha Unguja.

"Kule kuna miamba, Bwana."

Hapakuwa na mwamba hata mmoja. Kesho yake tulikuja kwa upande wa kusini, nikageuza. Tukaja kwa upande wa kaskazini, nikageuza tena. Alinitazama, akatazama maji, akaandika. Nilimchukia kwa kule kuandika kwake.

Kaka alikuwa akivua papo hapo mahali petu. Kwa mbali aliliona tanga langu likija na kurudi, na mzungu amemwelekezea darubini. Nyumbani aliacha kula nami sinia moja.

Siku ya mwisho mzungu aliitandaza karatasi yake ufukweni, juu ya jamvi, na wavuvi wakamzunguka. Bahari yote ya nje ya Kiwayu ilikuwa imejaa nukta, isipokuwa mahali pamoja, peupe, pa mviringo. Akapawekea kidole.

"Hapa pana nini, Bwana nahodha? Kila tukifika, unageuza."

Nilirudia habari ya miamba, na wavuvi wakatazamana. Kaka alikuwa nyuma yangu. Herufi za kizungu hakuzijua, lakini umbo la Kiwayu alilijua vizuri.

"Umemuonesha," aliniambia tulipobaki wawili ndiani, tukirudi nyumbani.

"Wallahi sikumuonesha. Kila siku nimepakimbia."

"Na nti nzima, kila mvuvi, imeona ulipokimbia. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilimwita mjinga, naye ni mkubwa wangu. Nilikuwa na hasira kwa sababu alisema kweli.

Mzungu aliondoka na hakurudi, wala serikali haikuja kutuuliza neno. Waliokuja ni wavuvi wenzetu, mashua tano kwa mpigo, na kabla ya kaskazi kwisha mahali pa baba palikuwa pa kila mtu.

Mwaka uliofuata kaka, asiyeonekana tena mahali pa baba, alianza kurudi na jodari wanene. Nilimuuliza anawavua wapi.

"Nje," akasema, akaniachia samaki mmoja kizingitini, kama apewavyo jirani. Mke wangu alimpika samaki yule. Mimi sikumla.