Mguu wa Mjomba na Friji la Kariakoo

Msinicheke sana. Mimi ni yule mtu aliyeamini, tena kwa kichwa kizima chenye cheti cha kidato cha nne, kwamba chini ya Kariakoo kuna friji kubwa kuliko uwanja wa mpira, la samaki wa matajiri, na baridi yake inapanda sakafuni na kuingia miguuni mwa watu. Niliamini! Na kwa imani hiyo nimemharibia mtu mguu.

Mtu mwenyewe ni mjomba wangu, fundi cherehani. Ndiye aliyenipokea nilipotoka Lindi, ndiye aliyenisukuma kwenda shule ya jioni. Anashonea kwenye kibaraza cha duka hapo Kariakoo, hatua chache kutoka meza yangu ya kuuzia mikanda.

Mchana wa Dar, jua la kukaanga yai juu ya boneti, vidole vyake vya miguu ni vya baridi kama vimetoka kwenye barafu. Akienda msikitini anasimama njiani, anashika kigimbi. Akipumzika maumivu yanaisha, akitembea yanarudi.

"Mjomba, hiyo ni baridi ya friji," nikamwambia. "Unakaa sehemu moja siku nzima, inakuvuta."

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Tufanyeje?"

Tufanyeje! Mdomo huu ungeweza kusema twende hospitali. Haukusema. Ulisema asipunguze sigara zake kwa sababu zinapasha damu joto, kisha ukaagiza beseni la maji ya moto.

Maji nilichukua kwa Mama Zuhura, mama ntilie jirani yetu.

"We kaka, hayo ya kunyonyolea kuku!" akapiga kelele. "Utampika mzee wa watu!"

"Dada, hii ni sayansi. Geukia wali wako, unaungua."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Mjomba akatumbukiza mguu.

"Yanachoma?"

"Wala. Sisikii kitu. Ongeza."

Nikaongeza! Ee Mungu wangu, nikaongeza, na makofi nikapiga, eti mzee ni ngangari.

Asubuhi mguu ulijaa malengelenge. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikatangazia kibaraza kizima kwamba baridi ndiyo hiyo, inatoka! Mjomba akavaa soksi, akaendelea kukanyaga cherehani. Kidonda kikagoma kufunga. Kidole kikaanza kuwa cheusi. Hata hapo nilimwongezea siku za kusubiri, kwa sababu niliogopa kuulizwa nani alimletea maji ya moto.

Sasa yuko wodini. Vidole madaktari wameshakata. Mguu wenyewe wanauangalia, na mimi naangalia nyuso zao wanapouangalia. Sina ninachoweza kufanya. Mimi, mtu wa maneno, nabeba uji na kurudisha kopo.

Jana akaniuliza, "Mjomba, hivi nakanyagia mguu gani cherehani?"

"Yote miwili, mjomba."

"Basi nitajifunza kwa mmoja." Akatabasamu, ili mimi nisilie. Nililia hivyo hivyo, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akanipa leso yake.

Ndugu zangu, mzee wenu akiwa na miguu baridi, ya ganzi, au akisimama njiani akishika kigimbi, msimpe maji ya moto, msimsogezee jiko, na msinitafute mimi. Mpelekeni akapimwe, siku hiyohiyo!

Nilipopata ujasiri, nilimweleza muuguzi habari ya friji. Hakucheka. Alikuwa anakunja bandeji, akaiweka chini.

"Kaka, hakuna friji. Mishipa ya mguu wake imeziba, damu haifiki vizuri. Ndiyo maana ni wa baridi, ndiyo maana hasikii. Sigara inazidi kuibana. Maji ya moto hayazibui mshipa, yanaunguza ngozi tu. Ungemleta alipoanza kusimama njiani, tungekuwa na mengi ya kufanya."