Gauni la Damu ya Mzee

Mtaani walimwita Fundi Pindo, kwa sababu pindo lake halikuachia hata nguo ichakae kwingine kote. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na ulimi. Ulimi ule, jamani! Ukimpelekea kitambaa kidogo ukataka gauni refu, alikuuliza nusu ya mwili wako umeiacha kwa nani. Watu walicheka, wakarudi tena. Lakini aliyeumizwa na ulimi ule kuliko wote hakuwa mteja.

Alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alipomaliza shule, dada mtu alimkalisha kwenye cherehani ya pili akamfundisha kukata, kupiga pasi mishono, kutia zipu. Mkono alikuwa nao mwepesi, na kwenye rangi ndiyo usiseme. Ukimpa kipande cha kitambaa, anatia mkono kwenye kopo la nyuzi huku anapiga soga, anatoa uzi wenyewe hasa.

Siku moja akaja msichana aliyekuwa karibu kuolewa, na kanda ya video kwapani. Ilikuwa ile filamu ya mnyonya damu iliyowatia watu wazimu wakati huo: kasri lenye ngazi zisizokwisha, mishumaa kila pembe, mapazia ya mahameli kutoka darini mpaka sakafuni. Fundi Pindo aliipenda mno, ingawa alilalamika mwanzo hadi mwisho kwamba nyumba yote ile haina mtu wa kufua mapazia. Msichana alitaka gauni la mke wa mnyonya damu, lile analoshuka nalo ngazi, alivae jioni ya harusi yake.

Wakaitia kanda kwenye deki. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Picha inatetemeka, nyuso za watu utadhani zimepakwa masizi. Gauni likashuka ngazi.

"Kahawia," akasema Fundi Pindo.

"Hapana, dada," mdogo mtu akadakia. "Ni jekundu lililoiva, damu ya mzee. Mimi niliiona kwenye jumba la sinema, kabla haijawa kanda. Tena ndiyo raha yenyewe: mume mnyonya damu, mke kavaa damu ya mzee!"

Mteja akacheka, akaanza kusitasita. Hapo Fundi Pindo akapandwa na hasira. Akosolewe rangi mbele ya mteja, ndani ya chumba chake, na mtoto aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano! Akamgeukia msichana, akasema kwa sauti ya huruma kabisa: "Msamehe. Huyu mkono anao, macho ndiyo hana. Rangi huwa tunamchagulia."

Uongo mtupu, na alijua ni uongo hata kabla hajafunga mdomo.

Gauni likashonwa la kahawia, likapendeza, na mwenyewe akaridhika, maana kanda yake nayo ilisema kahawia. Mambo yangeishia hapo. Lakini Fundi Pindo alikuwa ameshaonja utamu wa lile neno. Mdogo wake akinyoosha tu mkono kwenye kopo la nyuzi: "Muulize mwenye macho!" Wateja hoi, mbavu hawana. Mwanzoni mdogo mtu alinuna. Baadaye akacheka pamoja nao. Kisha akaanza kuuliza kweli. Anashika uzi, anaupeleka mlangoni kwenye mwanga, anaurudisha, anachukua mwingine, anauliza, "Huu ndio, au sivyo?" Dada mtu aliliona hilo, akanyamaza. Mwaka haujaisha, yule binti akakunja futi kamba yake akaenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni.

"Kule yote meupe," husema mwenyewe, akicheka. "Macho ya nini?"

Huu ni mwaka wa ishirini na mbili yuko huko.

Wala hawakugombana. Wanauguzana, wanapelekeana chakula. Kuna mwaka mdogo mtu aliikuta kanda ile kwa jirani yake, akaitazama, akaja mbiombio: "Dada, nisamehe. Kweli lilikuwa kahawia. Hata sijui siku ile niliona nini." Na Fundi Pindo, mtu mzima na akili zake, akamwita mteja aliyekuwa anajaribu nguo mbele ya kioo: "Hebu rudia, na huyu asikie."

Akarudia.

Sasa juzijuzi, Jumapili mchana, binti wa Fundi Pindo akaingia na diski ndani ya kasha la kupendeza. "Mama, ile filamu yako. Wameitoa upya, wameisafisha mpaka inang'aa."

Wakakaa kuitazama. Weee! Kumbe ukutani kulikuwa na picha, kumbe sakafu ilikuwa na maua! Fundi Pindo akawa anacheka kama msichana, mpaka gauni liliposhuka ngazi. Akasimama, kikombe mkononi.

"Punguza rangi."

"Rangi iko sawa, mama. Si unaona hata mikono yao ni mikono?"

Akaamuru irudishwe nyuma mara tatu. Akageuza kasha, na picha ya kasha ikamwambia yale yale. Mwishowe akafanya anachofanya fundi yeyote akiwa na shaka: akaenda kwenye kopo la nyuzi, akatoa uzi wa damu ya mzee, akaubandika kwenye kioo cha runinga, juu ya sketi. Uzi ukapotea ndani ya gauni.

"Nimemmaliza mtoto wa mama yangu," akasema, akakaa chini. Binti yake alidhani ni maneno ya filamu.

Jumatano akapiga moyo konde, akamwita mdogo wake. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vidole vimenyauka kwa maji ya sabuni. Fundi Pindo akamwambia binti yake awashe runinga. Gauni likashuka ngazi, jekundu lile lililoiva, mahameli yote inameremeta.

Mdogo mtu akatazama kwa makini, akasikitika. "Dada, runinga yako inakufa. Inatia wekundu. Si lilikuwa kahawia lile?"

"Si runinga." Fundi Pindo akakohoa. "Kanda ndiyo ilikuwa mbovu. Wewe uliona sawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekosea. Na lile la macho nililisema kwa hasira tu, mdogo wangu, nikijua si kweli. Nisamehe."

Mdogo mtu alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, na ilikuwa imeshakauka.

Fundi Pindo akamwekea kopo la nyuzi mapajani. "Nataka kulishona upya. Lako hili. Nichagulie uzi wake."

Mkono ukaingia kwenye kopo, haukuzunguka hata kidogo, ukatoka na uzi ule ule uliopotea kwenye runinga. Fundi Pindo akafumba macho kwa furaha.

Kisha akamsikia mdogo wake akimgeukia binti, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba asichekwe: "Huu ndio, mwanangu, au sivyo?"