Mkono wa Mzee Njoroge na Wino Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi na kukatazwa kugusa ukurasa wowote. Kiwanda chetu kidogo cha uchapaji kilikuwa nyuma ya gereji, karibu na Barabara ya Jogoo, na kilichapa vitabu vya picha vya kutisha: majini, wafu wanaotembea, nyumba zinazomeza wapangaji. Mchoraji Mkuu, Mzee Njoroge, alinisogezea magazeti ya zamani.

"Piga mistari humu wiki nzima, Atieno," akasema. "Mkono ukitulia, utaniambia."

Yeye alichora kwa penseli, nami nikapita juu ya michoro yake kwa nibu na brashi ya wino mweusi, kisha nikafuta penseli kwa raba. Wengi hudhani huko ni kufuatisha tu. Penseli inaonyesha jini amesimama wapi. Wino ndio unaoamua kama utamwogopa.

Mama, mwanakwaya shupavu, alipoona ukurasa wangu wa kwanza aliuliza, "Malaika wamekwisha, mpaka uchore haya?" Lakini niliona akiurudia mara ya pili.

Mzee alinipeleka hata soko la mbuzi la Kiamaiko, tukasimama kati ya mbuzi wa kuuzwa. "Tazama mboni," akaniambia. "Imelala kama tundu la sanduku la barua. Mpe mtu jicho hilo, usimwongezee meno." Tangu siku hiyo majini wetu walifunga midomo, na wasomaji wakazidi kuogopa.

Miaka ikapita, mkono wake ukaanza kutetemeka. Hakusema, nami sikusema. Mistari yake iliyoyumba niliinyoosha kwa wino. Baadaye nikawa nachora nyuso nzima, na mwishowe kurasa nzima, yeye akiwa ameketi kando yangu akinieleza alichotaka.

Asubuhi moja Mhariri Mkuu, bwana mkubwa aliyependa kusoma kurasa akiwa amesimama, aliingia na picha ya jalada. Mwanamke anateka maji kwenye bomba la mtaa. Kivuli chake kimegeuka kututazama.

"Mzee, hii imenisisimua mwili! Kumbe uzee unakunoa!"

Tulicheka wote isipokuwa Mzee. Nilimwomba Mungu, Mzee ashukuru tu na kuketi. Mchoraji asiyeweza kuchora hakuwa na nafasi pale. Badala yake alichukua penseli, akajaribu kuchora duara mbele yetu. Likatoka kama kiazi.

"Huu ndio mkono wangu siku hizi," akasema. "Jalada hilo ni la Atieno, kuanzia penseli."

Mhariri akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilitoka nje nikilia, na Mzee akanifuata.

"Kwa nini umesema? Si ningeendelea kukuficha!"

"Ungeendelea kunificha, binti yangu, na mimi ningeendelea kukuficha wewe."

Mwisho wa mwezi alistaafu. Jalada lile lilitoka na jina langu, nami nikakalia kiti chake mpaka wasomaji walipohamia kwenye video na kiwanda kikafungwa.

Sasa naishi mtaa wa Mowlem. Juzi jirani yangu Wanjiku, anayechora kwa kompyuta na kunifanya nyanya yake, alibisha akiwa na vitabu vyetu viwili alivyookota kwa muuza vitabu vikuukuu.

"Shosho, ni wewe ulichora hizi? Ziko fiti sana! Na hapa mbona uliacha peupe?"

"Hapo msomaji anaweka hofu yake mwenyewe," nikamwambia.

Alitaka kujua ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Nilipekua polepole mpaka nikamfikia mlinzi wa makaburi, aliyesimama katikati ya nyasi ndefu. Ndiyo picha ya mwisho aliyonichorea Mzee kwa mkono wake mwenyewe. Mlinzi nilimnyoosha. Nyasi sikuzigusa, nilifuata mtetemeko wa mkono wake, unyasi kwa unyasi.

Wanjiku aliinamia karatasi.

"Shosho," akasema, "hizi nyasi zinatikisika."